Sigaa za Mkwe Wangu

Mkwe wangu ni mpishi katika meli ya mizigo. Hukaa baharini miezi tisa, hurudi nyumbani kwa miwili, kisha huenda tena. Nilipostaafu ualimu alikuja Garsen pamoja na binti yangu kunipa mkono wa heri. Baada ya chakula cha mchana aliingia ndani, akatoka na sanduku dogo la mbao, akanikabidhi kwa mikono yote miwili huku akitazama chini.

"Baba," alisema, "kazi umefanya ya kutosha. Hizi ni za kupumzikia."

Nilishukuru, nikaliweka sanduku mapajani. Sikulifungua. Mtu hafungui zawadi ya mkwe mbele ya mkwe, na kusema kweli mimi na yeye hatukuwa tumezoeana kiasi cha kuulizana maswali. Tulikuwa tukisalimiana, tukiulizana habari za mvua na za bahari, basi. Walipoondoka siku ya pili kurudi Malindi ndipo mimi na mke wangu tulipokaa mkekani tukalifungua.

Ndani mlikuwa na vitu vya rangi ya kahawia vilivyopangwa safu mbili, kila kimoja kinene kama kidole gumba na kirefu kama penseli mpya. Kila kimoja kilivishwa pete ya karatasi nyekundu yenye maandishi ya dhahabu.

"Mdalasini," mke wangu akasema. Kisha akakunja uso. "Lakini mdalasini gani mnene hivi?"

Yeye ni mzaliwa wa Kipini, alilelewa na nyanya aliyekuwa akila tambuu, na pua yake huwa haikosei mara mbili. Alichukua kimoja, akakinusa, akakikwaruza kwa ukucha. Likabanduka jani.

"Tumbaku hii," akasema. "Mwalimu, mkweo amekuletea tumbaku."

"Tumbaku ya nini?"

"Ya kuvuta. Hizi ndizo zile sigara kubwa za matajiri. Sigaa."

Sikujua nicheke au nikasirike. Mimi sijavuta hata sigara moja maishani mwangu. Nimefundisha Jiografia tangu nikiwa na nywele nyeusi, na kwa miaka mingi ya mwisho nilikuwa pia mwalimu wa nidhamu. Nilikuwa nikisimama langoni asubuhi nikinusa vidole vya wavulana mmoja mmoja. Kuna kizazi kizima cha watu kati ya hapa na Minjila wanaonijua kwa hilo zaidi kuliko wanavyokumbuka kwamba niliwafundisha jinsi mto unavyojenga delta. Na huyu mkwe, ambaye binti yangu bila shaka alikuwa amemweleza yote hayo, ameniletea sanduku la sigaa za kupumzikia. Nilijiuliza kama ni mzaha. Lakini uso wake haukuwa uso wa mzaha.

Kuzitupa kungekuwa kumvunjia heshima, na kumpa mtu mwingine pia. Nikaliweka sanduku juu ya kabati, nikajisahaulisha.

Baada ya wiki kadhaa simu ikaingia kutoka bahari nisiyoijua, sauti ikikatikakatika.

"Baba, zile sigaa wazionaje?"

Ungekuwa wewe ungesemaje? Mtu amepanda juu ya meli kutafuta mtandao ili akuulize hilo. Nikasema, "Nzuri sana. Nimepumzika kwelikweli."

"Alhamdulillahi," akasema, na nikasikia kwamba amefurahi.

Furaha hiyo ilinigharimu. Mwenzake mmoja wa melini aliyekuwa akirudi likizo alimpa binti yangu mfuko, naye binti yangu akaupakia kwenye basi, na mimi nikaenda stendi ya Garsen kupokea sanduku la pili, kubwa kuliko la kwanza.

"Sasa itabidi uvute," mke wangu akasema. "Umeshasema wapenda."

Alisema akicheka, lakini mimi nililichukua kwa uzito. Sikupenda kuwa mtu aliyemdanganya mkwewe mara moja na anayejiandaa kumdanganya mara ya pili. Niliona kama nikivuta moja tu, hata nusu, uongo ule utageuka kuwa ukweli uliotangulia wakati wake.

Basi siku moja baada ya swala ya alasiri nikachukua kiti cha plastiki, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, pale penye kivuli cha mwarobaini, ambapo mtu wa barabarani hawezi kuniona. Nikatia sigaa mdomoni, nikaiwasha kwa kiberiti, nikavuta. Hakikutoka kitu. Nikavuta tena mpaka mashavu yakaingia ndani. Bado. Nikaigeuza, nikaiwasha upande wa pili, nikawa na sigaa iliyoungua pande mbili na isiyotoa moshi upande wowote. Ndipo nilipogundua kwamba kichwa chake kimezibwa, lazima kikatwe. Nikaingia jikoni kimyakimya, nikachukua kisu cha kukatia vitunguu, nikakata. Nusu ya ganda la nje ikafunguka kama bendeji.

Nikavuta hivyo hivyo, na safari hii moshi ukaja, nami nikaumeza wote, maana sikujua kuna namna nyingine. Kifua kilifunga. Nikakohoa mpaka machozi yakatoka. Nikadhani labda mwanzo ndivyo ulivyo, nikameza tena, na tena. Baada ya dakika chache mwarobaini ulianza kusogea. Jasho la baridi likanitoka, mate yakajaa mdomoni, nikainama kando ya kiti nikatapika chai yote ya alasiri.

Mke wangu alinikuta nimelala chini, shavu kwenye mchanga.

"Malaria," akasema, akaniwekea mkono kwenye paji la uso. "Mbona uko baridi? Simama nikupeleke hospitali."

"Si malaria."

"Ni nini basi?"

Nikamwonyesha. Ilikuwa imeanguka kwenye makapi ya mahindi, bado inafuka. Aliitazama, akanitazama mimi, akaketi kwenye kiti changu na kufunika uso kwa leso. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na mpaka leo hajaniambia.

Ningeachia hapo. Lakini mimi ni mwalimu, na kushindwa na kitu bila kujua kwa nini nimeshindwa hunikosesha raha. Nikachukua simu, nikatafuta video. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Wazee wa mbali wenye tumbo kubwa, wamekaa kwenye viti vya ngozi, wakieleza kwa utulivu wa mhubiri jinsi ya kukata, jinsi ya kuwasha bila kugusisha moto, na jambo moja waliloafikiana wote: moshi haumezwi. Unauingiza mdomoni, unauonja, unautoa.

Nilisimamisha video nikamwita mke wangu.

"Wanasema moshi haumezwi."

"Sasa wavutiani?"

"Wanauonja tu."

"Yaani kama mtu atafune wali kisha autoe?"

Swali lake lilikuwa swali langu pia, na wale wazee hawakulizungumzia.

Nikajaribu tena siku ya Ijumaa iliyofuata. Nilikata kidogo tu kwa wembe, nikawasha polepole, nikavuta mdomoni, nikatoa. Sikukohoa. Ladha ilikuwa kama ya majani makavu, halafu kama ya kahawa chungu, halafu mara moja, kwa muda mfupi sana, kama ya mkate uliookwa. Nilijaribu kuirudisha ile ladha ya mkate, haikurudi. Nilipotazama saa nilikuwa nimekaa kitini saa nzima.

Hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Tangu nistaafu sikuwahi kukaa saa nzima mahali pamoja. Nilikuwa nikiamka, nikirekebisha ua, nikimwagilia mipapai, nikienda sokoni bila haja, nikirudi. Sasa nilikuwa nimekaa, nimetazama kuku, na sikuwa nimefanya lolote, na sikuwa nimejuta. Nikajiuliza ni sigaa au ni kule kukaa. Kesho yake nikafanya jaribio, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi: badilisha kitu kimoja, viache vingine vilivyo. Nikatoa kiti, nikakaa palepale, saa ileile, bila sigaa. Haikufika dakika tano nikawa nimesimama nang'oa magugu. Kwa hiyo ni sigaa. Lakini sigaa yenyewe, nikiwa mkweli, sikuipenda. Niliipenda nikiwa siivuti, nikiifikiria. Nikiivuta nilikuwa nangoja iishe. Na ikiisha nilikuwa najuta kwamba imeisha. Sijui hali hiyo inaitwaje.

Mke wangu aliweka masharti. Nisivute ndani. Nioge kabla ya kulala kitandani. Nisiende msikitini na mdomo ule. Nikawa napiga mswaki mara mbili na kutafuna karafuu, na bado nilikuwa nasimama mwisho wa safu, ubavuni mwa ukuta, ili niwe na jirani mmoja badala ya wawili.

Kuzihifadhi pia kulinitesa. Wale wazee wa video walisema sigaa isikauke na isilowe. Walikuwa na makabati ya kioo yenye saa ya kupimia unyevu. Mimi nina Garsen. Jua la kwetu lilizikausha mpaka zikawa zinapasuka nikizishika. Nikazifunga kwa kitambaa kibichi nikaziweka karibu na mtungi, na baada ya wiki mbili zikaota ukungu mweupe, zikavimba kama maiti za mafuriko. Nikazifuta, nikazianika, nikazirudisha sandukuni na kipande cha sifongo. Nyingine zilipona. Sikujua kwa nini hizi na si zile.

Kuna mama wa Kiorma anayetuletea maziwa asubuhi. Alikuta nimezianika kwenye ungo, akaweka kibuyu chake chini, akaokota moja, akanusa kwa makini ya mtu anayejua moshi, maana wao hufukiza vibuyu vyao kwa ukuni maalumu mpaka maziwa yanachukua harufu.

"Mwalimu, hii ni ya kufukiza nini?"

"Ni ya kuvuta tu, mama."

"Halafu nini inabaki?"

"Hakuna kinachobaki."

Akairudisha kwenye ungo polepole. "Yetu inabaki kwa maziwa," akasema. Hakunicheka. Nadhani alinihurumia.

Sasa nije kwa fundi.

Sola yetu iliharibika. Taa zilikuwa zinawaka nusu saa kisha zinazima. Mke wangu akapata namba ya fundi wa Minjila anayesifiwa, naye akaja alasiri moja na pikipiki, ngazi imefungwa ubavuni. Mtu wa makamo, ndevu zimeanza kuwa na mvi, mpole. Alinisalimia, "Shikamoo, Mwalimu," na mimi nikaitikia bila kumtazama sana, maana hapa kila mtu huniita Mwalimu. Akapanda juu ya paa la mbele. Nami, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, siku yangu ya kuvuta, na nikijua yuko mbele, nikaenda zangu nyuma na sigaa yangu.

Nilikuwa katikati nilipohisi kivuli. Niliinua macho. Fundi alikuwa amevuka paa kufuata waya, amechuchumaa ukingoni, ananitazama kutoka juu.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nina miaka sitini na kitu, niko kwangu, sijamwibia mtu. Lakini niliificha. Niliiteremsha haraka kati ya mapaja yangu kama mvulana wa kidato cha pili, ikachoma kikoi, ikanichoma mimi, nikaruka. Na wakati ule ule ninaruka nikamtambua. Ile namna ya kuinamisha kichwa upande. Nilimwona kama alivyokuwa na miaka kumi na saba, amesimama ofisini kwangu, soksi mkononi.

Alishuka kwa haraka akidhani nimeumia. Nilimwambia akae. Mke wangu akaleta chai, akatuacha. Nilikuwa nimeshikilia kikoi mahali palipotoboka.

"Nimekukumbuka," nikamwambia. "Na najua unafikiria nini."

"Nafikiria nini, Mwalimu?"

"Nilikurudisha nyumbani kidato cha tatu. Wiki mbili. Kwa ajili ya sigara moja niliyoikuta kwenye soksi yako. Na leo umenikuta hivi."

Aliweka kikombe chini. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali la somo ambalo hakulisoma.

"Mimi?"

"Wewe. Na baba yako akaja. Alitembea kutoka mbali, mzee mrefu, viatu vya matairi, fimbo mkononi. Alisimama mlangoni, akakataa kukaa. Akaniambia, 'Mwalimu, moshi inapita.' Nami nikamjibu kwamba sheria ni sheria. Akachukua begi lako, mkaondoka."

Niseme hapa kwamba maneno hayo sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Yamekaa nami miaka mingi. Yule mzee hakubishana, hakuomba. Alisema moshi unapita, kwa Kiswahili chake, akangoja kuona kama nimeelewa, na alipoona sikuelewa akageuka. Wavulana niliowarudisha nyumbani walikuwa wengi, na wengi nawakumbuka bila wasiwasi. Yule mmoja ndiye aliyekuwa ananirudia.

Fundi akasema kwa upole, "Mwalimu, baba yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Hakuwahi kufika shule ya upili."

"Basi alikuwa ami yako."

"Ami zangu walikuwa na mifugo, kule juu Bura. Mimi nililelewa na mama. Na hukunirudisha nyumbani hata siku moja. Mimi sijavuta sigara. Nina kifua tangu utotoni."

"Soksi," nikasema. "Nakumbuka soksi yako. Ya kijivu."

"Sikuwa na soksi, Mwalimu," akasema, akacheka kidogo kwa haya. "Nilivaa viatu hivyo hivyo. Wewe ndiye uliyeniambia niseme daktari amenikataza kuvuta, ili wenzangu wasinicheke."

Hilo sikulikumbuka kabisa. Hata kidogo. Nilimtazama usoni nikilitafuta, na sikulipata. Ile ya soksi, ambayo yeye anasema haikuwepo, nilikuwa naiona mpaka nyuzi zake.

Alinionea huruma, akasema labda ni mwenzake fulani aliyesoma naye darasa moja, ambaye sasa ni dereva Hola. Akampigia simu palepale, akaiweka nisikie. Yule dereva alifurahi sana kusikia niko hai. Alipoulizwa nani alirudishwa nyumbani kwa sigara, akasema, "Mwalimu hakumrudisha mtu kwa sigara. Alikuwa anatuchimbisha mashimo ya taka. Mimi nimechimba matatu. Muulize kama bado yapo."

"Hakuna aliyerudishwa?" nikauliza mimi mwenyewe.

"Hakuna, Mwalimu. Angerudishwa mtu kwa sigara, ningekuwa mimi."

Fundi alimaliza kazi, taa zikawaka, akaaga. Nilibaki kwenye kiti. Sigaa ilikuwa imezimika yenyewe kwenye mchanga.

Nikamwuliza mke wangu. Yeye alikuwa akiishi nami kwenye nyumba ya shule miaka hiyo yote, na kumbukumbu yake ni kali.

"Mzee mwenye viatu vya matairi? Namkumbuka," akasema. "Alikula kwetu. Nilimpikia samaki, akasema wao hawali samaki, nikamkaangia mayai. Alikuja kukushukuru."

"Kunishukuru kwa lipi?"

"Mwanawe alikuwa amenyooka. Alisema umwongezee ukali."

"Alisema moshi unapita?"

"Sikusikia habari za moshi. Alisema mayai yana chumvi nyingi."

Nikakaa siku nyingi na maelezo hayo matatu, yangu, ya wanafunzi wangu na ya mke wangu. Hayaingiani. Kama hakurudishwa mtu, yule mzee alisimama mlangoni kwa sababu gani? Kama alikula mayai nyumbani kwangu, aliyekataa kukaa ni nani? Nilifikiria kwenda shuleni kuomba daftari la zamani la nidhamu. Nilivaa viatu kabisa, nikafika barabarani, nikarudi. Niliogopa. Sijui niliogopa kulikuta jina au kutolikuta.

"Ukishamjua utamfanyaje?" mke wangu akaniuliza nikivua viatu.

"Nitamwomba radhi."

"Na kama hayuko?"

"Nitakuwa nimebeba kitu ambacho hakikutokea."

"Basi kitue," akasema. Alisema kama mtu anayesema weka ndoo chini. Nilijaribu. Si kitu ambacho mtu anaweza kukitua kwa kuambiwa.

Katikati ya hali hiyo mkwe wangu akapiga simu. Safari hii mtandao ulikuwa safi, sauti yake ilisikika kama yuko jirani. Alisema anafikiria kuniletea aina nyingine, nene zaidi.

"Usilete," nikasema.

"Hukuzipenda, Baba?"

"Nazipenda. Sijui kama nazipenda. Ulipoulizia mara ya kwanza nilikuwa sijavuta hata moja. Nilikudanganya."

Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwake: alikuwa anacheka.

"Baba, hata mimi sijui lolote. Mimi sivuti. Nilimwuliza nahodha, mtu mzima akistaafu kwenu hupewa nini, akaniambia sigaa. Nikanunua. Binti yako alinikataza, alisema, 'Baba atakufukuza.' Usiku wa kuamkia kuja kwenu sikulala."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje kwa baba mkwe?"

Tukazungumza kwa muda mrefu, kuliko siku zote tulizowahi kuzungumza tukiwa tumekaa pamoja. Nikamweleza habari za soksi na yule mzee. Sikupanga kumweleza. Alisikiliza, kisha akasema kwamba huko baharini, mtu akikaa sana, huanza kukumbuka nyumba ambamo hakuwahi kuishi. Alisema huwa anamkumbuka mama yake akipika kwenye jiko la kuni lenye mafiga ya chuma, na mama yake hakuwahi kuwa na mafiga ya chuma. Hakujua ameyatoa wapi.

"Na wewe hufanyaje?"

"Napika, Baba."

Fundi alirudi baada ya wiki mbili hivi. Alikuwa amesahau koleo lake juu ya paa. Nilikuwa nyuma, na safari hii sikuficha kitu. Nikamwita akae upande ambao upepo hautampelekea moshi, kwa ajili ya kifua chake. Mke wangu akaleta chai na mahamri.

Sikumwuliza tena habari za shule. Nilimwuliza kuhusu baba yake, yule wa kweli, aliyefariki. Alishangaa kidogo, kisha akaanza. Alisema baba yake alikuwa mfupi, si mrefu. Hakuwa na ng'ombe wengi. Alikuwa na ng'ombe mmoja mweupe aliyemfuata kama mbwa, na ng'ombe huyo alipozama mtoni kipindi cha maji makubwa baba yake hakusema neno siku tatu. Aliongea taratibu, akitazama chini, na mimi nilivuta na kutoa, nikamwacha aongee. Ilinijia kwamba nilikaa na mtu huyu darasani miaka minne bila kujua kwamba ana baba au hana. Au pengine nilijua, kama nilivyojua habari za kifua chake, na nikasahau. Siwezi tena kuapa kwa lolote.

Alipomaliza alinyoosha mkono, akaomba kuiangalia sigaa. Aliigeuzageuza, akasoma maandishi kwenye pete, akapima kilichobaki. Ilikuwa imebaki kama nusu.

"Hii, Mwalimu, ukiizima sasa unaweza kuiwasha tena kesho?"

"Wengine husema ndiyo, wengine hapana," nikamwambia. "Mimi nilijaribu mara moja ikawa chungu. Mara nyingine ikawa sawa."

"Kwa nini?"

"Sijui," nikasema, nikamsogezea mahamri.